Bondeni Tunataka Kujitenga

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Tumekubaliwa. Bondeni tutapiga kura — kubaki chini ya kamati ya Mwafaka Estate, au kujitenga tuwe na kamati yetu wenyewe. Jumapili ya tarehe ishirini na moja, uwanjani, mchana kweupe.

Nimetoka mkutanoni nikitembea kama mwanafunzi aliyepasi testi ya barabarani mara ya kwanza.

Nimeishi mtaa huu tangu niolewe na mambo ni yale yale. Upande wa Juu una geti, una ofisi, una kisima na pampu yake. Bondeni tuna sisi wenyewe. Pampu ikiwashwa, matanki ya Juu hujaa kwanza, masalio ndiyo huteremka kwetu. Loli ya takataka hufika kwenye kona ikageuza, eti barabara yetu ni mbovu. Ada tunatoa sawa. Tunapata masalio.

Mwenyekiti Mzee Phares alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu wa reli, hajui kuharakishwa. Kisha akasema, "Sikatai mwende. Nauliza tu. Mtaweza?"

Akatoa pendekezo lake: tangu leo hadi siku ya kura, Bondeni wajiendeshee takataka na maji. Watu wawaone kwanza. Willis akapiga meza kabla sijafungua mdomo. "Tunakubali." Willis ana karakana ya kuchomelea vyuma kule Kariobangi na ana ulimi. Akisema, watu hupiga makofi hata kama hawajasikia vizuri.

Mzee anadhani ametutegea mtego. Mimi naona ametupa zawadi. Nafundisha watu kuendesha gari mwaka wa ngapi sasa? Najua tofauti ya mtu asiyeweza na mtu ambaye hajawahi kupewa usukani.

Jumanne, 2 Septemba

Zaid ametuma ujumbe wa sauti kutoka Glasgow. Ndugu yangu anaendesha basi huko. Tulilelewa Pumwani na baba asiyekuwa hata na baiskeli, na sote wawili tumeishia kwenye usukani.

Nilikuwa nimemweleza habari za kura. Alicheka mpaka akakohoa. Anasema, dada, mmekuwa Waskoti. Neno ni hilo hilo tangu afike kule: watoke kwenye muungano na Waingereza wajitawale, au wabaki. Walipiga kura mwaka 2014, wa kubaki wakashinda, na ubishi haukufa hata siku moja. Serikali yao ya nyumbani wanayo — inashika hospitali, shule, mambo kadhaa. Mengine yako London.

Abiria wake, anasema, bendera wanaipenda. Lakini mtu akikaa anangoja daktari mpaka anachoka, haulizi habari za bendera. Anauliza: hawa wetu, haya waliyopewa wanayaweza? Wa upande wa pili wanamjibu: watayawezaje na London imeshika mfuko? Hivyo hivyo hadi kituo cha mwisho.

Nikamwuliza yeye alipiga upande gani.

"Kura ni siri, dada."

Miaka yote hiyo na bado hasemi.

Sisi siri hatuna. Kura yetu ni ya mlolongo. Anayetaka kujitenga atasimama nyuma yangu, anayetaka kubaki atasimama nyuma ya Mzee Phares. Wazee wamenung'unika, wanakumbuka ule wa uchaguzi wa mwaka themanini na nane, jinsi mstari mfupi ulivyotangazwa mrefu. Nimewaambia safari hii kila mtu ana simu yenye kamera.

Alhamisi, 4 Septemba

Loli imeshuka!

Haikugeuzia kwenye kona. Ilishuka mpaka kwenye ukuta wa mwisho, ikazoa lundo ambalo lilikuwa limeanza kuota nyanya. Siri ni nini? Nilikwenda mwenyewe kwa dereva jana, nikapanda naye, nikamwonyesha pa kupitisha tairi la kushoto. Barabara haikuwa mbovu. Hakuna aliyekuwa amemwonyesha.

Watoto waliifuata loli kama arusi.

Jumapili, 7 Septemba

Jana nilikuwa maulidini Pumwani, leo nimezunguka mlango kwa mlango. Watu wananipokea vizuri. Ile loli imenisemea kuliko maneno.

Isipokuwa kwa Mama Syombua. Anakaa chini kabisa, jengo la pili, na mjukuu wake Nthenya. Goti linamsumbua. Alinikaribisha chai, akanisikiliza akichambua maharagwe.

"Mwalimu, loli nimeiona. Asante."

"Basi tarehe ishirini na moja utakuwa nyuma yangu, mama."

"Sijasema."

Nikamwambia tutakuwa na maji yetu, kamati yetu, neno letu. Akapuliza makapi.

"Nilikuwa mtoto Machakos tulipopata uhuru. Tulicheza ngoma mpaka asubuhi. Kulipokucha mto ulikuwa bado mbali." Akaniangalia. "Sikatai uhuru. Nasema tu, mimi hunywa maji, sinywi uhuru."

Sikukasirika. Mwanafunzi anayeuliza maswali ndiye asiyegonga watu. Lakini nimetoka pale nikijua kwamba nikimpata Mama Syombua, nimewapata wote.

Jumatano, 10 Septemba

Maji!

Willis na vijana wa karakana walichimba tangu Jumatatu, wakaunganisha paipu kutoka bomba kubwa la jiji lililo nyuma ya ukuta. Barua ya ruhusa ya jiji ninayo mimi. Wamelaza paipu kwenye mtaro wa zamani kwa sababu ndiyo njia fupi. Saa ya adhuhuri Willis akafungua koki. Kwanza hewa, kisha tope, kisha maji meupe yakijaa tanki letu wenyewe.

Nilimwuliza kama viungo vimekazwa sawasawa. Mtaro ule unapakana na bomba la maji taka.

"Madam, relax. Mimi ni fundi wa vyuma, paipu ya plastiki itanishinda?"

Watu walikuwa wanaimba. Sikuuliza tena.

Ijumaa, 12 Septemba

Leo nimeitwa "presida" na kondakta nisiyemjua. Mwanafunzi wangu wa asubuhi alizima gari mara kadhaa kwenye mzunguko na hata sikumkaripia.

Inasemekana Juu hakujapelekwa maji tangu jana. Watu wa Juu wanatuma watoto waje kuomba kwetu. Nimewaambia vijana wasimnyime mtu. Serikali inayojiamini hainyimi maji.

Jumatatu, 15 Septemba

Nthenya anaumwa.

Mama Syombua alinipigia alfajiri, sauti ndogo. Mtoto ametapika na kuhara usiku kucha, macho yameingia ndani. Nilimbeba hadi kwenye gari na kibao cha "Mwanafunzi" bado kiko juu ya paa. Sijawahi kupita Kariobangi kwa mwendo ule. Zahanati wakamtundikia dripu. Daktari ni kijana mwanamke, hana maneno mengi. Akauliza tunakunywa maji ya wapi.

Nikasema ya kwetu. Nilisema kwa fahari, mdomo ulishazoea. Kisha nikasikia nilichosema.

Kwenye benchi palikuwa na mama mwingine wa Bondeni na mtoto begani. Na mwingine akaja.

Mama Syombua hakunilaumu. Aliushika mguu wa mtoto chini ya shuka, basi. Ingekuwa nafuu kama angenilaumu.

Jumanne, 16 Septemba

Nimeufukua mtaro mwenyewe kwa jembe la jirani. Sikufika mbali. Kiungo cha tatu kinavuja, na juu yake bomba la maji taka linatoa jasho. Maji ya jiji yakikatwa, paipu inavuta. Inavuta kile kilicho karibu. Sihitaji digrii kujua.

Nilifunga koki. Kisha nikamwita Willis.

Alichuchumaa akaangalia. Alipitisha kidole kwenye kiungo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, nitatengeneza leo leo, lakini tusiseme mpaka Jumapili. Tuseme ni maembe. Tuseme ni chips za pale stendi.

"Watoto wako kwenye dripu, Willis."

"Na watapona, Madam. Lakini tukisema, tumekwisha. Mzee Phares atasimama aulize, si niliwauliza mtaweza? Utamjibu nini?"

Na kweli hajasema uongo — tukisema, huenda tumekwisha. Nimefanya kazi hii miezi. Nimezunguka milango yote.

Lakini wapo watu ambao bado wana maji yale ndani ya mitungi. Wanakunywa wakati mimi nafikiria.

Naenda kuchukua kipaza sauti cha msikitini.

Jumatano, 17 Septemba

Nilisema jana, kabla ya magharibi, nimesimama juu ya boneti ya gari. Nilisema maji yetu yameingia uchafu. Paipu yetu, kazi yetu, na mimi ndiye niliyeikubali bila kuikagua. Yamwageni. Mwenye mtoto anayeharisha aje, gari iko tayari.

Hakuna aliyezomea. Walimwaga. Sauti ya mitungi ikimwagwa kwenye vibaraza, jengo baada ya jengo — nimeisikia usingizini.

Mwanamume mmoja alisema kwa sauti ili nisikie: afadhali masalio ya Phares kuliko sumu yenu. Ana haki.

Willis hakuja. Simu hapokei.

Leo asubuhi nikapanda Juu kwa Mzee Phares. Nilikwenda kuomba maji kwa siku chache, na nilikuwa nimejiandaa kuchekwa. Alinikaribisha ndani akafunga mlango. Hakucheka. Aliketi akavua kofia.

"Mwalimu, sina maji ya kukupa. Mota ya pampu iliungua wiki iliyopita."

"Watu wa Juu wanajua?"

"Wanajua kwamba umeme unasumbua."

"Hivyo ndivyo ulivyowaambia."

Akageuza kofia mikononi. Anasema fundi aliahidi siku mbili, ikawa siku nyingine mbili. Alitaka kwanza itengenezwe ndipo aseme. Na kura iko karibu.

Nilimwona Willis kwenye uso wa mzee wa miaka sabini. Ningeweza kushuka na habari ile, niipande boneti tena, Jumapili ningeshinda. Mate yalinijaa mdomoni, sitaficha, daftari ni langu.

Nikamwambia, "Mzee, mimi sitasema. Ni lako. Lakini sema kabla ya Jumapili."

Hakuahidi.

Alhamisi, 18 Septemba

Nthenya karudi nyumbani! Amekonda lakini anadai mandazi. Wale wengine pia wametoka. Alhamdulillahi.

Zaid ametuma ujumbe. Leo ndiyo tarehe ya kura yao ile ya 2014. Nilimweleza kila kitu. Safari hii hakucheka. Anasema kule waliyemwamini akikosea na akaficha, watu hawamkasirikii yeye peke yake. Wanaanza kusema wote ni wamoja, hata kujitawala kwenyewe kunapoteza ladha. Ndivyo anavyosikia kwenye basi. Kisha akasema, "Dada, umeshindwa?"

Nimemrudishia ujumbe mfupi. Sijashindwa. Nimeharibu paipu. Paipu inatengenezeka.

Na nilipousikiliza tena, sauti yangu ilikuwa imara. Sikuigiza.

Jumamosi, 20 Septemba

Paipu mpya imepita juu ya ukuta, mbali kabisa na mtaro. Sikuenda kwa mwenye ulimi. Nilimtafuta Ndete, fundi wa paipu kazi yake ya kila siku, mwanamke wa maneno machache kama yule daktari. Kila kiungo amekikaza mbele ya macho ya watu, nami nimekipangusa kwa tishu kuona kama kinalowa. Tanki limesuguliwa na kutiwa dawa. Jiji lilifungua maji kidogo jana, tukachukua chupa ya kupelekwa maabara. Majibu ni Jumanne.

Jumanne. Kura ni kesho.

Mchana Willis akatokea. Alisimama mbali kidogo, kisha akaja akashika upande wa pili wa ngazi ya Ndete bila kuitwa. Baadaye akaniambia, "Madam, ile ya maembe..." Nikamwambia shika ngazi vizuri.

Mzee Phares bado hajasema neno. Juu hawana maji, Bondeni koki ya jiji ni kavu, mtaa mzima unanunua kwa mikokoteni.

Tutashinda? Sijui. Naenda kupiga pasi leso yangu ya kijani.

Jumapili, 21 Septemba

Naandika nikiwa ndani ya gari, mlango wazi, kando ya mfereji wa maji wa Bondeni. Vidole vimelowa, wino unatambaa. Niandike haraka.

Uwanja ulijaa. Kabla karani hajatupanga, Mzee Phares akaomba kusema. Alivua kofia mbele ya wote. Alisema pampu imekufa, si umeme. Alisema amejua tangu siku ya kwanza. "Nilinyamaza nikidhani nitaitengeneza kabla hamjajua. Mwalimu alisema lake siku ile ile. Mimi nimesema leo. Sasa pigeni kura."

Palipita mnung'uniko kama mvua juu ya mabati. Watu wa Juu walitazamana. Mimi nilimtazama yeye, na kusema kweli nilimpenda.

Tukapangwa. Yeye upande wa barabara, mimi upande wa shule, sote tumeangalia mbele. Nilikataa kugeuka. Nilisikia tu viatu. Vingi vinakuja kwangu, kisha vinapungua, kisha sauti za upande wa pili.

Mama Syombua alikuja na kiti cha plastiki. Akakiweka katikati, kati ya mstari na mstari, akaketi.

Karani akamwuliza, "Mama, uko upande gani?"

"Goti linauma. Niache nifikirie."

Watu wakacheka, pande zote mbili. Karani akaanza kuhesabu. Hakufika mbali. Ndipo mtoto akapiga kelele kutoka bondeni: maji yamekuja, maji yamekuja.

Sijawahi kuona mstari ukivunjika hivyo. Hakuna aliyesubiri ruhusa. Watu waliacha ndala, mawe, mikoba, kofia, kila mmoja kaweka alama ya nafasi yake, kisha mbio. Nilipogeuka hatimaye kuangalia nyuma yangu, palikuwa na viatu. Nyuma ya Mzee Phares pia, viatu. Kwa macho sikuweza kujua ni wapi vingi. Sikukaa kuhesabu, nami nilikimbia.

Sasa wote wako hapa. Juu na Bondeni, mstari mmoja wa mitungi hadi kwenye kona ya loli. Willis anapanga watu. Mzee Phares amesimama katikati na mitungi yake miwili, zamu yake haijafika, na hakuna aliyempa nafasi mbele. Hakuomba.

Mama mmoja wa Juu alipofika kwenye mfereji alisita. Akaniita kwa sauti, wote wakasikia. "Mwalimu, haya ni safi?"

Willis alinitazama. Uso wake wote ulisema: sema ndiyo. Ndete ameikaza, nimeipangusa mwenyewe kwa tishu, moyoni naamini ni safi kama machozi. Neno moja tu, na viatu vingine vingehamia upande wangu.

"Sijui bado," nikasema. "Paipu naiamini. Majibu ya maabara ni Jumanne. Mpaka hapo, chemsheni."

Watu waliguna. Mmoja alifunga mtungi wake akaondoka, nilimwona. Willis akafumba macho.

Mama Syombua alikuwa amefika wakati huo, polepole, anamshikilia Nthenya bega. Alisimama mbele ya mfereji akaangalia maji, akaniangalia mimi. Nilidhani atamgeuza mtoto warudi.

Akasogeza mtungi chini ya mfereji.

"Nijazie basi. Jiko ninalo."

Nimemjazia. Nikamwuliza, kwa sauti ndogo, kama sasa anaweza kuniambia atasimama wapi. Akasema kiti chake kiko pale pale uwanjani, mtu asikisogeze.

Karani anapuliza filimbi huko juu. Anatuita turudi kwenye mistari kabla jua halijakuwa kali zaidi. Anapuliza tena. Hakuna anayegeuka, mitungi bado ni mingi na maji yanaweza kukatika wakati wowote. Mzee Phares sasa ndiye wa mbele, ananiuliza koki inafungwa vipi ili asimwage ya watu, nami nashuka nikamwonyeshe —